Mwewe wa Fundi Saa

"Mama na mwanawe, baba, mama na mwanawe, hata mbuzi—"

"Mbuzi hapinduki angani. Nimesema Springi anawekwa na—"

"—hata mbuzi wana haya kidogo—"

"—na Dakika, sanduku unalifunika kitambaa siku nne, na huyo dume wa kinyozi—"

"—nani kamtaja kinyozi? Nimesema damu ya nje—"

"—huyo dume wa kinyozi akikanyaga banda langu, siku hiyo nashuka ngazi kwa kichwa."

"Na mimi nitakusogezea miguu."

Hapo wote wawili wakanyamaza. Hawakuwa wamemaliza, ila pumzi ziliwaishia kwa pamoja, maana ubishi huu ulikuwa umeanza tangu kabla ya chai na sasa jua lilikuwa utosini. Walikuwa juu ya paa la zege la nyumba yao, mbele ya banda la njiwa. Mzee amekaa kwenye kigoda, binti amesimama na uzi mdomoni, kwa sababu yeye hata akigombana lazima kuwe na uzi mdomoni.

Binti ndiye Sindano. Jina alipewa kwa ajili ya cherehani, lakini waliomjua walisema hata angekuwa muuza mkaa angeitwa hivyo hivyo, kwa ajili ya ulimi. Umri wake miaka arobaini na sita. Aliwahi kuolewa, akakaa kwa mume miaka sita, akarudi na cherehani lile lile alilokwenda nalo. Mtoto hakupata, na hakupenda kuulizwa.

Mzee ni baba yake, Fundi Saa. Mtaa mzima ulikuwa umevaa mkono wake: saa ya mwalimu, saa ya muuguzi, saa ya ukutani pale kwa mwoka mikate. Miaka arobaini alikaa chumba cha chini kilichoelekea barabarani, kile kioo kidogo kimebanwa jichoni, akifungua vijigurudumu ambavyo ukipiga chafya unavitafuta mwezi mzima. Saa ikimshinda alimrudishia mwenyewe kwa maneno yale yale siku zote: "Mashine imekufa, ila mkanda ni mzuri." Kisha presha ya macho ikamwingia, jicho moja, halafu la pili. Sasa aliona mwanga na giza tu. Mchana alijua ni mchana, na mtu alijua ni mtu, ila mtu gani, hapo mpaka useme.

Kuamrisha lakini hakukupungua. Tangu azaliwe, Sindano hakuwahi kumsikia baba yake akisema "naomba". Hata maji ya kunywa aliyaita kama anaita askari.

"Springi ana miaka tisa," Sindano alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Mayai ya mwisho alitaga matatu kwa mwaka mzima, mawili yakawa maji. Hata ukimpa dume wa dhahabu, baba, atakutagia ya kupamba kabati."

"Atataga. Hatagi kwa sababu unamtazama kwa jicho baya. Nyumba hii imebaki na majike wawili, na wote wawili..."

Mzee akasita.

"Malizia."

"Nimemaliza."

"Malizia, baba. Usimeze maneno, yatakukwama."

Fundi Saa akaanza kupapasa kofia yake, ambayo ilikuwa kichwani. Ndani ya banda Springi akakoroma mara moja, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwenye kikao asichoalikwa. Banda lile lilijengwa kwa njiwa sitini. Waliobaki walikuwa wawili: yeye na mwanawe wa mwisho, Dakika, dume mwenye miezi mitano.

Kwa asiyewajua, hawa si njiwa wa mchuzi wala wa kupeleka barua. Kazi yao ni moja, na haimfaidii mtu yeyote duniani. Wanapanda juu sana, wanazunguka, halafu ghafla mmoja anaufungua mkia, anatupa kichwa nyuma na kujibiringisha kinyumenyume, mara kumi, mara ishirini, kwa kasi hata ukimtazama unaona mpira tu unashuka. Kisha anaacha. Anakunjua mabawa, anatulia, anarudi juu kwa wenzake kama vile aliyefanya upuuzi ule ni mwingine.

Njiwa wa kwanza alikuwa dume wa kijivu, shukrani kutoka kwa mtu aliyetengenezewa saa ya marehemu babu yake. Fundi Saa alimwita Mshale. Alimrusha, akamwona akipinduka, na bila kufikiri akatazama saa. Sekunde moja. Mtu mwingine angesema "ajabu" akaenda kula. Huyu alikuwa fundi saa. Ukimwonyesha kitu kinachodumu sekunde moja, hatalala mpaka ajue kama kinaweza kudumu mbili.

Basi akamzalisha Mshale na jike wa kijivu, akachukua binti yao akamweka na Mshale mwenyewe, kisha mjukuu, kisha kitukuu. Damu ya nje hakuitaka. "Huu ni ukoo," alisema, "si kituo cha mabasi." Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akianika nguo pale pale paani na kusema kwa sauti ya kusikika: "Bidii hiyo angeileta chumbani, sasa hivi tungekuwa na timu ya mpira." Lakini walipata mmoja tu, Sindano, na banda likaendelea kujaa.

Juu ya mlango wa sanduku la kuzalia aliandika kwa chaki ya nguo aliyomnyang'anya binti yake: ASIYEPIMWA HAZAI. Kila dume na kila jike alirushwa mara tatu, na anayerusha ni yeye mwenyewe kwa mkono wake. Alikuwa na saa ya mbio, ile ya kubonyeza, kubwa kama andazi, inayopiga tiki tiki hadi jirani anaisikia. Mwisho wa mwaka, aliyepinduka muda mrefu kuliko wote ndiye aliyeingia sandukuni. Wengine waligawiwa majirani, au tuseme waligawanywa vipande, sufuriani.

Sindano ndiye aliyekuwa karani. Kila kinda alifungwa uzi mguuni, rangi ya mwaka wake, fundo la mama yake. Na muda ukapanda. Sekunde moja na robo. Moja na nusu. Mbili. Ilipofika mbili na nusu, wanaume walikuwa wanakuja na shingo zao kutoka mitaa ya mbali, wanapanda ngazi, wanasimama pale paani midomo wazi mpaka nzi wanawaonea huruma. Mwaka wa ishirini na nane ikafika tatu. Siku hiyo Fundi Saa alishuka chini, akakaa kwenye meza yake, akafungua saa ya mtu isiyokuwa na kasoro yoyote, akaifunga tena.

Sasa, mzee huyu alipima kila kitu. Mtama aliupima, maji aliyapima, siku za kuatamia alizihesabu mpaka saa. Kitu kimoja hakupima: urefu kutoka pale njiwa wanapoanzia kupinduka hadi kwenye mabati ya jirani yao seremala. Kila mwaka walimchagua yule anayechelewa kuacha. Ukimchagua anayechelewa kuacha miaka thelathini mfululizo, mwisho wa yote unapata asiyeacha.

Wa kwanza alianguka mwaka juzi, mvua zilipokatika. Macho ya mzee ndiyo kwanza yalikuwa yamefunga, na saa ya mbio ilikuwa mkononi kwa Sindano. Njiwa aliitwa Robo. Akaufungua mkia, Sindano akabonyeza. Akashuka, akashuka, Sindano akasubiri aache, na Robo akashuka mpaka kwenye tangi la maji la jirani, na pale akaacha.

"Ngapi?" baba yake akauliza.

Sindano akamtazama. Mzee alikuwa ameinua uso kwenye anga asiloliona, mdomo umefunguka kidogo, kama mtoto anayesubiri kijiko cha sukari.

"Tatu na nusu," akasema.

"Kaacha?"

"Kaacha."

"Tatu na nusu," mzee akarudia, akapiga goti lake kwa kofi. "Umesikia, mama yake? Tatu na nusu." Mama yake alikuwa na miaka kumi na moja kaburini. "Haya, yuko wapi sasa?"

Hapo ndipo. Sindano alitazama tangi, akatazama juu, anga tupu, na uongo ukamtoka kama chafya.

"Mwewe, baba. Kamchukua mwewe."

Uongo mwingine ukishausema unakufa wenyewe. Huu uliota manyoya. Wiki iliyofuata akaanguka wa pili, na mwewe akarudi. Mzee alitaka kujua anatokea wapi. Akatokea upande wa mnara wa simu. Alitaka kujua ukubwa. Akawa na mabawa ya kufunika meza. Sindano naye ana mkono wa utundu, tangu shuleni, kila akitunga kitu lazima akitie lesi pembeni. Mwewe akawa na pengo kwenye bawa la kushoto. Akawa anapita mara mbili kabla ya kushambulia, kwa dharau. Kuna siku alitua kwenye kamba ya nguo akajisafisha kucha.

Fundi Saa alimchukia mwewe yule kwa moyo wake wote, na chuki ile ilimpa nguvu ambazo dawa hazikuwa zimempa. Alipanda paani kila asubuhi na fimbo. Alitoa kwenye makabati yake nyuso za saa mbovu, za bati na za kioo, akamwamuru Sindano azitundike kwa nyuzi kuzunguka banda zima, zing'ae zimtishe. Zilitundikwa arobaini na kitu. Upepo ukivuma zilizunguka na kugongana, saa kumi hapa, saa mbili pale, saa saba kasoro. Mzee alikaa katikati yake akimtukana mwewe kwa ukoo, mama na baba.

Na Sindano alikuwa anashuka chini, anaokota. Kwenye tangi, kwenye mfereji, kwenye ua wa seremala. Anamkata njiwa uzi wa mguuni, anamfunga kwenye kipande cha kitambaa, anamzika nyuma ya choo. Uzi anautia kwenye kopo la vifungo. Kopo lilikuwa na nyuzi kumi na tisa.

Ndiyo maana aligombana vile. Baba yake alitaka Springi awekwe na Dakika, na Dakika hangewekwa bila kupimwa. Dakika alikuwa na ndugu saba. Wote saba walikuwa kwenye kopo.

Kesho yake Sindano akasema anakwenda kutafuta zipu, akaenda kwa kinyozi.

Kinyozi na Fundi Saa walikuwa hawajasemezana miaka ishirini na mbili, na katika miaka yote hiyo walikuwa wakipashana habari kila siku kwa kupitia wateja. Kinyozi naye alifuga njiwa wa kupinduka, ila wake walikuwa wa muda mfupi, sekunde moja, basi. Alichotaka yeye ni wanavyoacha: waache kwa pamoja, kama mlango unaofungwa na mtu mstaarabu. Fundi Saa aliwaita njiwa wa kinyozi kwikwi.

Kwenye kiti alikuwepo mteja, nusu ya kichwa kimenyolewa. Kile kiti cha pili kilikuwa kimevunjika mguu siku nyingi na kilikuwa kinakaliwa na magazeti.

"Karibu, mwanangu," kinyozi alisema kwenye kioo, bila kugeuka. "Baba yako bado anahesabu?"

"Anahesabu. Nimekuja kukuomba dume."

Mashine ikaendelea kunguruma juu ya sikio la mteja. Ikafika kisogoni, ikarudi. Kinyozi akaizima.

"Wewe usitikisike," akamwambia mteja. "Na usijitazame." Akamshika Sindano mkono, wakapita mlango wa nyuma.

Banda la kinyozi lilikuwa zuri kuliko la baba yake, lina rangi ya kijani na dirisha la wavu. Ndani mlikuwa na madumu ya maji, ndoo ya rangi iliyokauka, na ule mguu wa kiti.

"Kideri," kinyozi alisema. "Siku tisa. Mwanzo nilikuwa nawazika mmoja mmoja, kwa heshima. Siku ya tano nikaazima toroli."

"Lini?"

"Mwaka jana."

"Mwaka jana? Mbona jana tu umempa mwoka mikate salamu amwambie baba kwamba njiwa wako kumi na sita wameacha pamoja?"

"Sasa ulitaka nimwambie nini, njoo ushangilie?" Kinyozi akakuna shingo. "Barabarani ninatembea kama mtu mwenye njiwa, mwanangu. Si kazi rahisi. Kuna namna ya kutazama juu."

Sindano akakaa juu ya dumu. Akamweleza kila kitu, Robo, tangi, mwewe, kopo. Mtu mmoja ilibidi ajue, na huyu angalau alikuwa adui. Alipofika kwenye mwewe kujisafisha kucha, kinyozi alitaka kucheka, akajizuia.

"Usimrushe huyo mdogo," alisema.

"Asiyepimwa hazai."

"Basi asizae. Mfungie ndani, azeeke."

"Na mzee?"

Kinyozi akasogeza ndoo ya rangi kwa mguu. "Hata ukimdanganya ukawaweka," alisema, "makinda yao yatafanya nini? Yatapinduka. Baba yako alipima muda, mimi nikapima kuacha, na wote wawili tunanunua mayai dukani. Huna ukoo hapo, mwanangu. Una ndege wawili wanaosubiri."

Mteja akaita kutoka ndani, kuuliza kama leo ni leo au arudi kesho na nusu kichwa.

Sindano akarudi nyumbani bila zipu. Kuanzia siku hiyo akaanza kuahirisha. Siku ya kwanza upepo, ya pili vumbi, ya tatu mwewe. Ya nne mwewe. Ya tano seremala anachoma takataka, moshi. Ya sita mwewe, na mwenzake. Mzee alivumilia mpaka ya kumi na moja.

"Huyu mwewe," alisema, "hana kwao?"

"Ndiyo kwao sasa, baba."

"Hana mke? Haumwi? Mimi mwenyewe nina siku sishuki kitandani."

"Labda kesho atapumzika."

"Kesho," mzee akasema.

Kesho yake mchana Sindano alikuwa chini, anapachika kola ya sare ya mlinzi. Cherehani likiwa kwenye mshono mrefu halisikilizi mtu, wala mwenyewe hasikii. Alipoinua mguu kukata uzi ndipo akasikia bawaba za mlango wa banda, kule juu. Akatazama kiti cha baba yake. Kitupu. Ngazi zina vipandio kumi na saba, na mzee alizijua kwa hesabu.

Sindano alizijua kwa mbio. Alifika juu na mkasi bado mkononi. Baba yake alikuwa amesimama katikati ya nyuso za saa, Dakika yumo kwenye kiganja cha kushoto, ametulia, kichwa kinachungulia kati ya vidole. Saa ya mbio mkono wa kulia.

"Baba, mwewe—"

"Nimekaa hapa tangu adhuhuri. Sijasikia bawa."

"Upepo, basi—"

"Upepo ni huu, unanipuliza shati. Ni upepo wa kawaida wa Mwenyezi Mungu." Akampitisha Dakika kidole kifuani, kwenye mfupa, polepole, kama zamani alivyokuwa akipitisha kidole kwenye saa kabla ya kuifunga. "Huyu ana kifua cha Mshale. Ukimshika unajua. Miaka thelathini na moja, na kifua ni kile kile."

"Tumpe wiki moja, baba. Mdogo bado."

"Springi hana wiki moja. Wala mimi." Akamgeuzia uso, ukakosea kidogo, ukaelekea kwenye kamba ya nguo. "Utakuwa macho yangu. Akianza sema sasa, akiacha sema basi. Saa nashika mwenyewe."

Akarusha.

Dakika alipanda kama aliyeitwa. Alikuwa wa kijivu mtupu na unyoya mmoja mweupe bawani, na huko juu unyoya ule uliwaka na kuzima, uliwaka na kuzima, kadiri alivyozunguka. Mzunguko wa kwanza, akanyooka. Wa pili, akanyooka. Sindano akasahau kupumua. Wapo njiwa, hata katika ukoo mzuri, wanaozaliwa hawajui kupinduka kabisa. Baba yake aliwaita kuku, na hakuna aliyefika mwisho wa wiki. Maisha yake yote Sindano hajawahi kumwombea kiumbe awe zuzu. Leo aliomba. Uwe kuku, aliomba. Uwe kuku, mwanangu, nitakulea.

"Vipi?" mzee akauliza.

"Anazunguka."

"Juu?"

"Juu sana."

Wa tatu. Wa nne. Seremala hakuwepo uani kwake siku hiyo, msumeno ulikuwa kimya, na mtaa mzima kama umekwenda kula. Wa tano, na Dakika akaufungua mkia.

"Sasa," Sindano akasema. Neno lilitoka lenyewe. Miaka thelathini ya mazoea haiulizi ruhusa.

Mzee akabonyeza.

Ilikuwa nzuri. Hilo lazima lisemwe. Sindano alikuwa ameona wengi, na hakuwahi kuona safi kama ile: hakuyumba, hakupinda, alishuka mstari mmoja kama bobini inayokimbiza uzi, na unyoya mweupe ukachora pete ndani ya pete. Mshale na mabinti zake na wajukuu zake wote walikuwemo katika kuzunguka kule. Akapita usawa wa mnara wa simu. Akapita usawa wa paa lao. Akaingia nyuma ya ukuta wa seremala, kwenye rundo la maranda, na maranda hayatoi sauti.

Sindano akafungua mdomo. Basi. Neno dogo lile, silabi mbili. Kaacha alikuwa ameisema mara kumi na tisa, kila mara bila shida. Angesema basi, mzee angebonyeza, angeuliza ngapi, angepiga goti. Kisha mwewe angekuja, aliyezoea kuja. Lakini baada ya leo mwewe hangekuwa na chakula tena, na mzee angepanda kesho na fimbo kulinda banda la bure. Mdomo ukabaki wazi.

Tiki tiki tiki.

Mzee alisubiri. Alikuwa ameisogeza saa sikioni, si kwa wasiwasi, ni tabia tu ya kazi. Uso wake ulikuwa umeanza kufunguka: tatu, tatu na nusu, nne. Nne hakuwahi kuipata. Midomo yake ikaitamka. Kisha tano. Kwenye tano uso ukaacha kufunguka. Kwenye saba akaacha kupumua kwa pua. Sindano alikuwa anamtazama kama mtu anayetazama maji yakipanda kizingitini.

Kwenye kumi mzee akashusha saa kutoka sikioni.

"Hakuna njiwa wa sekunde kumi," alisema.

Aliisema kwa ile sauti ya dukani, ya mashine imekufa. Mkanda hakuutaja.

"Hakuna, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu Robo."

Akahesabu. Vidole vilikuwa vinahesabu pembeni ya suruali, fundo baada ya fundo, majina yote, na vilipoisha vikaanza tena. "Wote?"

"Wote. Kumi na tisa. Na huyu."

"Na ile tatu na nusu?"

Sindano angeweza kumwachia ile. "Hakuacha, baba. Alifika kwenye tangi."

"Nilimwambia marehemu mama yako."

"Nilikusikia."

Saa bado ilikuwa inakwenda mkononi mwake. Hakuna aliyekumbuka kuizima. Mzee akatafuta kigoda kwa mguu, akakipata, akakaa.

"Springi?"

"Yupo ndani. Anakula."

"Hatagi."

"Hatagi."

"Na kinyozi je? Ulikwenda, najua ulikwenda, zipu gani inatafutwa asubuhi nzima."

"Hana kitu. Kideri kiliwamaliza mwaka jana. Banda lina madumu."

Fundi Saa akainua nyusi. "Na anatembea vile vile?"

"Vile vile. Anatazama juu na kila kitu."

Kitu fulani kikapita kwenye mdomo wa mzee, kikafika pembeni, kikaishia hapo. Upepo ukavuma, ule wa kawaida, na nyuso za saa zikaanza kuzunguka na kugongana kuzunguka banda, moja hapa, nyingine kule, kila moja na saa yake.

"Kwa hiyo mwewe hakuwepo," alisema.

"Hakuwepo."

"Wa mnara."

"Hakuwepo, baba. Nisamehe."

"Mwenye pengo bawani."

Sindano alipiga magoti mbele ya kigoda, akaichukua saa kwenye kiganja cha baba yake ili aizime, na mzee akamfungia vidole juu ya mkono wake, saa ikiwa ndani. Alikuwa tayari kwa lolote. Alikuwa tayari kufukuzwa, kupigwa fimbo, kuambiwa lile neno la majike wawili mpaka mwisho wake. Alikuwa tayari kuambiwa vunja banda, au mchinje Springi, au nitoe hapa usinirudishe tena. Mzee akainamisha kichwa mpaka kofia ikamgusa binti yake kwenye paji la uso, na sauti iliyomtoka mzee, Sindano hakuijua ni ya nani.

"Naomba, mwanangu," alisema. "Dakika naye mpe mwewe."